Lucy akianguka tunacheka. Mtoto akimwiga je?

Wiki hii tuanze na kicheko. Huenda umeshakutana kwenye simu au runinga na vipande vya vichekesho vya zamani vya Marekani, picha nyeusi na nyeupe, mwanamke mwenye macho makubwa akijaza chokoleti mdomoni, au akigaragazana na mwenzake ndani ya pipa la zabibu. Jina lake ni Lucille Ball. Kipindi chake, I Love Lucy, kilionyeshwa na kituo cha CBS kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, na watu hawajaacha kukicheka hadi leo.

Mimi pia hukicheka. Lakini mtu aliyezoea kupokea majeruhi hutazama mara mbili. Mara ya kwanza nacheka, mara ya pili naangalia shingo, mgongo na pumzi. Nakuomba nawe utazame mara mbili, hasa kama una mtoto nyumbani. Yeye amecheka pamoja nawe, na ukigeuka tu kwenda jikoni, atapanda juu ya kochi ajaribu.

Hakuanguka ovyo

Jambo la kwanza la kumweleza mtoto ni kwamba yule mama hakuanguka ovyo. Katika miaka ya 1940, kabla ya kuwa na kipindi chake, Lucille alijifunza kazi ya kuchekesha kwa mwili na kwa vifaa kutoka kwa Buster Keaton, bingwa wa filamu zisizo na sauti. Kila kipindi kilifanyiwa mazoezi kwa siku kadhaa kabla ya kurekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Ngazi, kiti na meza vilijaribiwa kwanza. Kilichoonekana kama ajali kilikuwa kimepangwa hatua kwa hatua.

Kitabibu, mtu anayejua kuanguka hufanya mambo manne. Hukunja magoti. Huingiza kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Hutoa pumzi badala ya kuibana. Kisha hubiringika, ili nguvu ya kishindo isambae kwenye paja, tako na bega badala ya kuishia sehemu moja. Asiyejua hufanya kinyume chake. Hujikaza mwili mzima, akanyoosha mkono kujikinga, na mkono huo ndio unaovunjika karibu na kiwiko au kifundo.

Mtoto mdogo ana tatizo jingine. Kichwa chake ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili, na misuli ya shingo bado ni dhaifu. Akianguka kutoka kitandani au kwenye ngazi, mara nyingi kichwa hutangulia.

Kichwa kikigonga chini

Mtoto akiigiza kuanguka akajigonga kichwa, akalia mara moja, akanyamaza, akaendelea kucheza na kula, kwa kawaida hana jeraha kubwa. Mtazame kwa karibu kwa saa 24 hadi 48. Weka kitambaa chenye maji baridi mahali palipovimba. Maumivu yakimsumbua, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake; usimpe aspirini. Wazazi wengi huniuliza kama ni hatari kumwacha alale. Anaweza kulala, mradi umwamshe mara kwa mara na kuhakikisha anaamka na kukutambua kama kawaida.

Mkimbize hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya: alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanazidi, amepata degedege, amechanganyikiwa au haamki vizuri, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu mmoja umelegea, damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mpeleke hata kama anaonekana mzima, na uharakishe zaidi kama utosi umevimba au analia bila kubembelezeka. Aliyeanguka kutoka juu, mahali panapozidi urefu wake, naye aonwe. Akilalamika shingo, usimnyanyue wala kumgeuza kichwa. Mwache alale alivyo hadi upate msaada wa kumbeba akiwa amenyooka.

Mtoto aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mpira siku inayofuata. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi kwenye michezo taratibu, maumivu na kizunguzungu vikiwa vimekwisha.

Chokoleti mdomoni

Kipande maarufu kuliko vyote pengine ni kile cha Septemba 1952, Lucy na rafiki yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wakiwa wameajiriwa kufunga chokoleti kiwandani. Mkanda wa mashine unazidi kasi. Wakishindwa kufunga, wanazificha chokoleti kwenye kofia, kifuani, na mdomoni mpaka mashavu yanavimba.

Watoto hulipenda sana hilo, na ndilo linaloniogopesha zaidi. Chokoleti laini huyeyuka. Karanga, pipi ngumu, kipande cha muwa au zabibu nzima haviyeyuki upesi. Mtoto anayecheka huku mdomo umejaa huvuta pumzi ghafla, na chakula huingia njia ya hewa. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu njia yao ya hewa ni nyembamba na magego hayajakamilika.

Akipaliwa lakini bado anakohoa kwa nguvu na kutoa sauti, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko kofi lako. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, usipoteze muda kutafuta maji ya kumnywesha. Mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja mwinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisichotoka, kaa nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya kifua, uivute ndani kuelekea juu mara 5. Rudia kwa zamu. Mchanga wa chini ya mwaka mmoja usimminye tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze na umkandamize katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze mahali pagumu, mkandamize kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, uendelee hivyo huku mwingine akiita msaada.

Maji hayapigi kelele

Kuna mambo mawili Lucille alisimulia baadaye ambayo kila mzazi ayasikie. La kwanza ni la kipindi cha Aprili 1956, kile cha pipa la zabibu. Aliyepigana naye mle ndani alikuwa mkanyaga zabibu wa kweli, na Lucille alisema mwenzake alimkandamiza chini ya zabibu muda mrefu kuliko walivyokubaliana, hadi akahofia kufa.

La pili lilionekana Januari 1963, katika kipindi chake kilichofuata, The Lucy Show. Yeye na Vivian Vance wanajaribu kujijengea bafu, mlango unagoma kufunguka, maji yanajaa mpaka yanawafunika. Lucille alieleza kwamba alizama kweli na akashindwa kuibuka. Vivian alimshika nywele akamvuta juu, kisha akaendelea kuigiza peke yake hadi mwenzake alipopata pumzi. Watazamaji waliendelea kucheka, bila kujua kilichotokea mbele ya macho yao.

Hivyo ndivyo mtu anavyozama. Tumezoea kudhani atapiga kelele na kupunga mikono. Anayezama hana pumzi ya kupiga kelele. Mdomo unaingia majini na kutoka, mikono inajaribu kukandamiza maji, na ndani ya muda mfupi sana ananyamaza kabisa. Kwa mtoto anayejifunza kutembea, ndoo ya maji ya kufulia inatosha. Mwaga maji ya ndoo na beseni ukimaliza kazi, funika pipa na kisima, na mtoto akiwa karibu na maji awepo mtu mzima mmoja asiyeshika simu.

Ukimtoa mtoto majini, usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili maji yatoke. Unapoteza dakika za thamani, na anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kama hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua papo hapo. Akizinduka, bado mpeleke hospitali, kwani upumuaji unaweza kuharibika saa chache baadaye.

Mjamzito kazini

Mama mjamzito anayesoma safu hii, nawe una somo lako hapa. Mwaka 1952 Lucille alipata ujauzito akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, umri wa kwangu huu. Badala ya kumwondoa, waliuingiza ujauzito wake ndani ya hadithi, ingawa neno lenyewe la "mjamzito" lilikwepwa hewani. Hatimaye, Januari 19, 1953, Lucille alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji uliopangwa, na jioni ya siku hiyohiyo Marekani ilitazama kipindi ambacho Lucy anakwenda kujifungua. Kilikuwa kimerekodiwa wiki kadhaa kabla. Watazamaji wanakadiriwa kuwa milioni 44.

Miaka 30 baadaye hali haikuwa rahisi hivyo. Katika Laverne & Shirley, kipindi kilichoanza mwaka 1976 na kilichojaa kuanguka, kurukaruka na kuning'inia, Cindy Williams aliondoka mwaka 1982 akiwa mjamzito. Alisema ratiba ilimpangia kazi hadi siku aliyotarajiwa kujifungua. Suala hilo lilifika mahakamani na likaisha kwa makubaliano.

Kitabibu, mimba isiyo na matatizo haimkatazi mama kutembea, kufanya kazi wala kufanya mazoezi mepesi. Vyote vina faida. Kinachokatazwa ni kazi yenye hatari ya kuanguka, kunyanyua mizigo mizito na kusimama muda mrefu bila kupumzika. Tumbo likikua, uzito husogea mbele, viungo hulegea, na kuteleza huwa rahisi. Ukianguka ukaangukia tumbo, nenda kituo cha afya hata kama husikii maumivu, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuachia polepole. Damu, maji kuvuja, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana au kuona ukungu ni dalili za kwenda leo hii. Kwa aliyeajiriwa Tanzania, sheria inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84. Mweleze mwajiri mapema, kwa maandishi.

Mifupa ya mama na bibi

Januari 1972, Lucille akiwa na miaka 60, alivunjika mguu akiwa kwenye theluji huko Colorado. Kipindi chake cha wakati huo, Here's Lucy, kilibadilishwa ili mhusika naye awe amevunjika, na msimu mpya ukaanza Lucy akiwa na hogo mguuni. Aliendelea kuchekesha akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Baada ya hedhi kukoma, homoni inayolinda mifupa hupungua na mifupa huanza kuwa myepesi kimyakimya. Mama aliyekuwa akiteleza na kuinuka akiwa na miaka 30 anaweza kuvunjika nyonga kwa kuteleza bafuni akiwa na 65. Kutembea kila siku kwa nusu saa, kula dagaa, maziwa na mboga za majani, na kupata jua husaidia. Ndani ya nyumba, washa taa usiku njia ya chooni, ondoa zulia linaloteleza, weka mkeka wa mpira bafuni, na mpeleke bibi akapimwe macho. Akianguka akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeuka nje, usimlazimishe kutembea. Huyo amevunjika nyonga mpaka picha ikatae.

Sasa rudi kwa mtoto na ile simu. Usimnyang'anye, kaa naye mtazame pamoja. Mwonyeshe kwamba Lucy alifundishwa, alifanya mazoezi, hakuwa peke yake, na hata hivyo siku moja ilibidi mwenzake amvute nywele ili apumue. Anayetaka kubiringika, mtandikie godoro sakafuni, mbali na ukuta na kona za meza, umfundishe kuingiza kidevu kifuani. Mdomo uwe mtupu, na wewe uwepo. Halafu leo, kabla ya kulala, andika namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu nawe na ya jirani mwenye chombo cha usafiri, uzibandike ukutani mahali ambapo hata dada wa kazi ataziona.