Ng’ombe wa baiti tisa

Hesabu alama zilizomo katika neno ng’ombe, pamoja na ile ritifaa. Ni saba. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kuandika programu, kompyuta yangu ilishikilia kwamba ni tisa. Neno lenyewe nilikuwa nimelinakili kutoka Word, na Word hupenda kuikunja ritifaa ikawa kama koma iliyopaa. Ritifaa iliyonyooka huhifadhiwa kwa baiti moja. Iliyokunjwa hula baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi ulioenea kuliko yote. Mimi niliuliza urefu wa neno, na Python 2, lugha niliyokuwa nikiitumia, ikanihesabia baiti.

Kuhesabu vibaya lilikuwa jambo dogo. Balaa lilianza pale Python 2 ilipoyakutanisha maandishi na baiti katika mstari mmoja. Haikulalamika. Ilijigeuzia baiti kuwa maandishi kimyakimya, kwa kudhani kila kitu ni ASCII, ile orodha ya kale ya alama 128 iliyotungwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Wakisajiliwa akina Juma na Asha, mambo yalikuwa shwari. Akija Ng’wandu mwenye ritifaa iliyokunjwa, ukurasa mzima ulianguka, ukiacha ujumbe kuhusu baiti 0xe2 katika nafasi ya 2, namba ambayo waliofanya kazi hii zama zile hawajaisahau. Sisi wa Kiswahili tulidanganyika zaidi kuliko Wafaransa na Wajerumani. Wao kosa liliwapiga siku ya kwanza kwa zile herufi zao zenye vialama. Letu lililala miezi likimngoja Ng’wandu.

Python 3, iliyotoka Desemba 2008, ilikata mzizi huo. Guido van Rossum, muasisi wa lugha, na wenzake waliamua kwa makusudi kwamba toleo jipya halitaelewana na la zamani: maandishi ni maandishi, baiti ni baiti, na ukivichanganya programu inasimama papo hapo. Palikuwa na mabadiliko mengine, kama amri ya `print` kuhitaji mabano, lakini hayo ni ya kurekebisha asubuhi moja kabla ya chai. Suala la maandishi ndilo lililoumiza watu.

Sasa fikiria Django. Hiki ni kiunzi cha tovuti, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa unaokupa milango, nguzo na paa: kupokea maombi ya kivinjari, kuzungumza na hifadhidata, kukagua fomu, kulinda nywila. Wewe unabaki kupanga vyumba. Kilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, kikatolewa kwa umma mwaka 2005, na jina lake ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. Herufi ya D haitamkwi, kwa hiyo wanaosema “Jango” wako sahihi.

Kuhamisha programu yako mwenyewe ni kazi, lakini kuhamisha kiunzi ni kazi ya namna nyingine, kwa sababu nyumba za watu zimesimama juu yake, nacho kimesimama juu ya maktaba, yaani vifurushi vya msimbo, za watu wengine. Maktaba iliyozoeleka ya kuunganisha Python na hifadhidata ya MySQL haikuwa inafanya kazi kwenye Python 3. Ile ya picha, PIL, ilikuwa imedorora mpaka warithi wake walipoiendeleza kwa jina la Pillow. Wenye tovuti walisubiri kiunzi, kiunzi kilisubiri maktaba, na waandishi wa maktaba waliona hakuna haja ya haraka kwa kuwa wenye tovuti hawajahama. Kila mmoja alisimama ukingoni akingoja mwenziwe ajaribu kina cha maji.

Palikuwepo chombo cha kutafsiri msimbo wa zamani kuwa mpya, 2to3. Kwa `print` na mfano wake kilifanya vizuri. Ila hakikuweza kujua kama jina fulani katika msimbo wako linabeba maandishi au baiti. Hilo alilijua aliyeandika, kama bado anakumbuka. Hatimaye Django haikuchagua tafsiri. Ilichagua msimbo mmoja unaoendeshwa na Python zote mbili bila kubadilishwa, ukisaidiwa na maktaba ndogo iitwayo six, sita, kwa maana mbili mara tatu.

Ili hilo liwezekane ilibidi kwanza kuachana na walio nyuma kabisa: Django 1.5 iliacha kuihudumia Python 2.5, kwa sababu ni kuanzia 2.6 ndipo baadhi ya maandiko ya Python 3 yalipoanza kueleweka upande wa zamani pia. Sehemu ngumu kuliko zote, kwa bahati njema, ilikuwa imefanyika tangu 2007. Mwaka huo Django ilijiwekea desturi kwamba baiti zigeuzwe maandishi mlangoni, zinapoingia, na maandishi yageuzwe baiti yanapotoka. Ndani ya nyumba ni maandishi matupu. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa uhamaji wenyewe. Yaliyofuata yalikuwa kupakia vyombo kwenye gari.

Django 1.5 ya Februari 2013 iliipokea Python 3 kwa majaribio, na 1.6 ya Novemba mwaka huohuo ikaipokea rasmi. Django 2.0, ya Desemba 2017, iliiacha Python 2 moja kwa moja. Tangu Python 3 izaliwe ilikuwa imepita miaka tisa. Wapo waliouita uzembe. Mimi sikubaliani nao. Tazama herufi u tu. Katika Python 2 uliiweka mbele ya maneno kuonyesha kwamba haya ni maandishi. Python 3 iliifuta kwa kuwa haikuwa na kazi tena, kisha toleo la 3.3 la mwaka 2012 likairudisha, bado haina kazi yoyote, ili tu msimbo mmoja usomeke pande zote mbili. Ukaidi ulilegezwa kwa herufi moja, na njia ikapitika.

Mimi nilihama nikiwa nimechelewa, na mfumo wa matokeo ya shule moja ya sekondari. Tulijua kwamba 149 gawanya kwa 2 katika Python 2 ni 74, nusu inatupwa, na katika Python 3 ni 74.5. Tukapitia kila alama ya kugawanya, moja baada ya nyingine. Kilichotuponyoka ni `round`, amri ya kukadiria namba iwe kamili. Python 2 ikikuta nusu kamili hupanda juu: 74.5 ni 75. Python 3 huiendea namba shufwa iliyo jirani: 74.5 ni 74. Kwa kidato cha nne, A huanzia 75.

Tulikuwa tumejaribu mfano mmoja wa mpakani, na tuliuchagua kwa busara, au ndivyo tulivyoamini. Tulichukua 29.5, kwa kuwa 30 ndiyo inayomtenga mwenye D na aliyefeli, na mzazi wa aliyefeli ndiye anayekuja ofisini. Ikatoka 30 kama zamani, maana 30 ni shufwa. Tukaridhika. Hakuna ukurasa ulioanguka wala ujumbe wa hitilafu uliotokea. Wenye 74.5 wakapewa B, wenye 64.5 wakapewa C, na seva ikaendelea kufanya kazi kwa afya njema. Aliyegundua ni mwalimu wa hesabu, mtu asiyeiamini kompyuta, aliyekuwa amejumlisha darasa lake lote kwa kalamu kwenye daftari la mistari.

Faili la majaribio la mfumo ule sasa lina mistari hii minne: 74.5, 64.5, 29.5, na ng’ombe mwenye ritifaa iliyokunjwa.