Kinyama cha jicho: usikubali kitupwe kabla ya kupimwa

Msomaji, kabla hujaendelea, hebu tafuta kioo usimame penye mwanga. Tazama sehemu nyeupe ya jicho lako, upande wa pua na upande wa sikio, pale weupe unapokutana na duara jeusi. Hapo ndipo ugonjwa tunaouzungumzia leo hupenda kuanzia. Huanza kama kinyama kidogo, pengine kidogo kuliko punje ya mtama, chenye rangi ya waridi, au cheupe kama maziwa yaliyoganda, au cha kahawia. Hakiumi. Huwasha kidogo tu, na jicho hutoa machozi likipigwa na upepo. Mwenyewe husema ni vumbi.

Mara nyingi husema kweli. Watu wengi wanaofanya kazi juani nchini Kenya wana vinyama machoni, na vingi havina madhara makubwa. Lakini baadhi ya vinyama hivyo ni saratani. Kibaya zaidi ni kwamba hakuna mtu, hata bingwa wa macho aliyekaa kazini miaka ishirini, anayeweza kuapa kwa kutazama tu kwamba hiki ni salama na kile ni cha hatari. Kinyama cha kawaida kwa kawaida huwa na umbo la pembetatu, hukua polepole kwa miaka na mara nyingi hutokea katika macho yote mawili. Kile cha saratani aghalabu hukaa jicho moja, huinuka, huwa na mishipa minene ya damu inayokilisha, na hukua kwa miezi. Hizo ni dalili za kutilia shaka, si hukumu. Hukumu hutolewa na maabara.

Saratani hii huota kwenye ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, na hutambaa hadi kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele. Ni ndugu ya saratani ya ngozi. Naeleza hili mapema kwa sababu siku hizi mgonjwa akiambiwa "saratani ya jicho" hupitia kwanza kwenye simu yake kabla ya kurudi kwa daktari, na huko hukutana na ugonjwa mwingine, melanoma. Hiyo huanzia katika seli zinazotengeneza rangi, mara nyingi ndani kabisa ya jicho, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeupe na macho ya rangi hafifu. Kwa Mwafrika ni nadra. Daktari Oliver Sacks, mtaalamu wa mishipa ya fahamu na mwandishi mashuhuri aliyeishi New York, aligunduliwa kuwa nayo mwaka wa 2005. Alitibiwa kwa mionzi, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo, akaendelea kufanya kazi na kuandika. Mapema mwaka wa 2015 alitangaza kwamba ugonjwa umeonekana kwenye ini, na akafariki Agosti mwaka huohuo. Ndivyo melanoma ya jicho ilivyo: yaweza kunyamaza miaka mingi kisha ikajitokeza kwenye ini.

Saratani yetu haina tabia hiyo. Hukaa mahali pake kwa muda mrefu, na ikiua, mara nyingi ni kwa sababu iliachwa ikapenya hadi kwenye tundu la jicho na kuelekea ubongo. Jambo moja tu huzichanganya. Kwa watu weusi saratani hii ya utando mara nyingi hubeba rangi, ikawa kahawia au nyeusi. Kwa hiyo ukiwa na doa jeusi linalokua, usijitangazie melanoma wala usitangaziwe na mtu kabla ya kinyama kupimwa.

Kwa nini huonekana sana katika sehemu hizi? Sababu ya kwanza iko juu ya vichwa vyetu. Tunaishi kwenye mstari wa Ikweta, na miale ya jua isiyoonekana kwa macho hutuchoma mwaka mzima. Mkulima, mvuvi, mwendeshaji wa bodaboda, mama anayeuza mboga kando ya barabara, na fundi ambaye kazi yake tumeipa jina la jua lenyewe, wote hawa macho yao hayapati kivuli.

Sababu ya pili ni virusi vya HIV. Miaka ya tisini madaktari wa Rwanda na Uganda walianza kuona saratani hii kwa vijana, wakati vitabu vilisema ni ya wazee. Mwaka wa 1995, Daktari Ateenyi-Agaba wa Kampala alichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi uliohusisha ugonjwa huu na HIV. Tangu hapo imethibitika mara nyingi. Huku kwetu wagonjwa wengi wako katika miaka ya thelathini na arobaini, na wanawake ni wengi.

Kwa hiyo ukienda na kinyama kinachotiliwa shaka utaombwa upimwe virusi. Tafadhali usikasirike. Si kila mwenye saratani hii ana HIV, na daktari hakuulizi ili akuhukumu. Kwa wengine jicho ndilo limewapeleka kujua hali yao mapema, wakaanza dawa za kupunguza makali ya virusi wakiwa bado na nguvu. Dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Ninachowashauri wanandoa ni kwenda pamoja. Nimeona mama akificha karatasi ya kliniki ya macho kana kwamba ni barua ya mapenzi, kwa kuogopa mumewe atauliza vipimo vingine vilisema nini. Ugonjwa wa jicho ni mzigo tosha bila kuongezewa siri.

Kabla ya kufika hospitalini wengi huwa wamepitia mengi. Wametiwa maziwa ya mama, asali, maji ya majani. Mimi huhofia zaidi yale matone ya dukani yenye steroidi. Hayo huondoa wekundu kwa siku chache na mgonjwa husifu dawa, kumbe kinyama kiko palepale kinaendelea. Yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi huongeza shinikizo ndani ya jicho na kuleta glaukoma, ugonjwa unaopofusha bila kelele. Ukitumia matone wiki mbili bila kinyama kubadilika, acha kununua chupa nyingine. Nenda ukaonwe na mhudumu wa macho.

Mimi si bingwa wa macho. Ni daktari wa kawaida, na kazi yangu ni kutambua nani asichelewe. Bingwa akikubali kwamba kinyama kina shaka, hukikata kikiwa bado kidogo. Jicho hutiwa dawa ya ganzi, nawe huwa macho wakati wote. Hukata kinyama pamoja na ukingo wa milimita tatu au nne za utando unaoonekana mzima, kwa sababu mizizi ya saratani haionekani kwa macho. Wengine hugandisha kingo kwa baridi kali ili kuua seli zilizobaki. Siku hiyohiyo unarudi nyumbani na bandeji.

Hapa ndipo ninapokuomba uwe mkaidi. Kabla hujapanda kitanda cha upasuaji, uliza kwa adabu: "Daktari, kinyama changu kitapelekwa maabara gani, na majibu nitayapata lini?" Mahali pengi kipimo hicho hulipiwa kando, na mgonjwa aliyekwisha changiwa na jamaa zake pesa za upasuaji hukosa za maabara. Basi kinyama hutupwa, na mtu anarudi kijijini akiamini amepona. Kikirudi baada ya miezi minane, hakuna anayejua kilikuwa nini mara ya kwanza. Kama bajeti yako ni finyu, sema mapema, uulize bima yako italipia nini, na ikibidi changisha ya vyote viwili kwa pamoja. Pengine utapewa chupa uipeleke maabara mwenyewe. Hakikisha imeandikwa jina lako, tarehe na jicho la kulia au la kushoto. Usimwage yale maji makali yaliyomo. Hiyo ni fomalini, nayo ndiyo huhifadhi nyama isioze. Na majibu yakitoka, omba nakala yako ukaihifadhi pamoja na kitambulisho.

Kungoja majibu ni kipindi kigumu. Wengine hawalali, wengine huanza kugawa mashamba. Ningependa ujue kwamba kwa kinyama kidogo kilichokatwa chote, neno "saratani" kwenye karatasi halimaanishi kwamba umepoteza jicho, sembuse maisha. Linamaanisha una kazi ya kufanya kwa mwezi mmoja na kliniki za kuhudhuria kwa miaka.

Kazi ya mwezi mmoja ni matone. Mwaka wa 2016 Daktari Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya. Baada ya upasuaji, wagonjwa wengine walipewa matone ya fluorourasili ya asilimia 1, mara nne kwa siku kwa wiki nne. Wengine walipewa matone yasiyo na dawa. Mwaka mmoja baadaye, saratani ilikuwa imerudi kwa wagonjwa 5 kati ya 47 waliotumia dawa, na kwa 17 kati ya 47 ambao hawakuitumia. Fluorourasili ni dawa ya saratani ya miaka mingi, na si ghali ukilinganisha na nyinginezo. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya habari bora zilizowahi kutoka kliniki zetu, na bado wagonjwa wengi hawajaisikia. Muulize daktari wako kama inakufaa.

Matone hayo si maji. Jicho litachoma na kutoa machozi, na ngozi ya kope yaweza kuwasha na kuchubuka. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi ya kope kabla ya kutia tone, na ufute mara moja linalomwagika shavuni. Nawa mikono kabla na baada. Mama mjamzito asiyaguse, na chupa ikae mbali na watoto. Muulize mfamasia namna ya kuihifadhi. Karaha hizi huisha baada ya dawa kwisha, lakini maumivu makali au kuona ukungu kunakoongezeka ni sababu ya kurudi kliniki kesho yake. Muuza mboga mmoja aliyetibiwa hivi alifunga kamba ya saa kwenye mwavuli wa kibanda chake ili asisahau tone la mchana. Mwavuli wenyewe ulikuwa sehemu ya matibabu. Ongeza kofia yenye ukingo mpana na miwani inayozuia miale ya jua.

Wapo wanaofika wakati kinyama kimeshaingia ndani ya jicho. Hapo jicho lazima litolewe, na ikiwa saratani imeenea kwenye tundu, huondolewa pamoja na kope na vyote vilivyomo. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Lakini mgonjwa anayekataa upasuaji huo kwa matumaini ya kubaki na jicho lisiloona hubaki na maumivu, uvimbe, harufu na mwisho mbaya. Kijana mwendeshaji wa bodaboda aliniuliza swali moja tu: nitalisha watoto kwa nini? Nilimjibu kwamba jicho moja latosha kwa kazi nyingi, ila kichwa hukawia kujifunza. Miezi ya kwanza utamwaga chai nje ya kikombe, utakosea ngazi ya mwisho, utagonga mabega ya watu sokoni upande usioona. Geuza kichwa chote, si jicho tu. Gusa kikombe kwa ncha ya birika unapomimina. Barabarani usirudi mpaka daktari aliyekutibu amekupima na kukuruhusu.

Jicho likitolewa peke yake, tundu likapona, jicho la bandia huweza kuwekwa baada ya takriban wiki sita. Halioni, lakini hurudisha sura, na sura si anasa kwa mtu anayekutana na wateja. Waonyeshe watoto mapema badala ya kuwaficha. Watoto huogopa siku mbili, ya tatu wanakuomba uwaonyeshe tena. Na jicho lililobaki lilinde kama mali: vaa miwani ya plastiki ngumu unapochomelea vyuma, kupasua kuni au kufyeka.

Kliniki za marudio usizikatize hata ukijiona mzima, maana kinyama hurudi palepale penye kovu na wewe hutakuwa na maumivu ya kukuamsha. Kati ya kliniki moja na nyingine, kila mwezi tazama kwenye kioo kama mwanzo, kisha tembeza vidole mbele ya masikio na chini ya taya hadi shingoni. Saratani hii ikisafiri, huanzia kwenye tezi za hapo. Ukigusa uvimbe mgumu usiouma, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.