Ugonjwa Mmoja, Koo Nyingi
Ukimwi ni ugonjwa mmoja, lakini virusi vyake vina koo nyingi. Damu iliyotolewa Léopoldville mwaka 1959, na kipande cha tezi cha mwaka 1960, vilipopimwa baadaye vilionyesha virusi vilivyokwisha kutofautiana sana: ndiyo alama ya kuwa vilikuwa vimeenea kati ya watu tangu miaka mingi.

Tena, mtu akiingiwa na koo mbili, virusi vinapojinakili huchota huku na huku, kama mwanafunzi anayenakili madaftari mawili pamoja. Na hapo ukoo wa tatu huzaliwa.

Kwa hiyo mume na mke walio wagonjwa wote wawili wasiseme: «Hatuna la kuogopa tena.» Ukoo mgeni waweza kuleta ukaidi juu ya dawa. Tujikinge, tumeze dawa kila siku.