Lubumbashi: Historia ya mji yasimuliwa kwa brashi na picha

Mji wa Lubumbashi, uliozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, una historia mbili. Moja imo katika karatasi za wakoloni na za kampuni ya Union Minière. Nyingine imo vichwani mwa wakaaji, na wasanii ndio walioiweka mbele ya macho ya watu.

Wa kwanza kutajwa ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 juu ya historia ya nchi, nyingine juu ya vitambaa vya mifuko ya unga. Ndani ya picha aliandika majina na tarehe, ili mtazamaji ajue ni nani na ni lini. Alimweleza mtafiti Johannes Fabian maana ya kila picha kwa Kiswahili cha Katanga, na maelezo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1996.

Mojawapo inaonyesha mauaji ya Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara, wakakusanyika uwanjani, na askari wakawafyatulia risasi. Wakoloni waliandika hesabu yao ya waliokufa. Tshibumba aliwachora watu wenyewe.

Miaka 30 baadaye, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitumia njia nyingine. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, alikata picha za zamani za wafanyakazi na kuzibandika juu ya picha za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Babu aliyevunjika mgongo kwa ajili ya shaba anasimama tena mahali pake pa kazi, lakini mashine zimenyamaza. Mtazamaji anabaki kujiuliza: utajiri ule ulienda wapi?

Swali hilo linagusa picha zenyewe pia. Mfululizo wa Tshibumba unahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum), mjini Amsterdam. Mwanafunzi wa Kenya au Katuba anayetaka kuuona mchoro wa mauaji yaliyotokea mjini kwake anahitaji viza, au kitabu cha Kiingereza.

Tangu 2008, shirika la Picha huandaa maonyesho ya sanaa Lubumbashi kwenyewe. Hiyo ni hatua. Inayofuata ni kuziingiza picha hizi darasani, kwa sababu waliosimuliwa ndani yake ni wazazi wa mji huu.