Mjomba, hili ni banda la ng'ombe?

Wadau, ukimtajia mtu wa Dar "Makumbusho", kwanza anawaza stendi ya daladala. Mimi nimepita pale miaka na miaka, makonda wanaita jina hilo, na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Limetoka Kijiji cha Makumbusho, kilichopo jirani tu, kando ya barabara ya Bagamoyo, tangu miaka ya 1960. Ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, ila huko huoni vitu vimefungiwa kwenye makabati ya vioo. Unakuta nyumba zenyewe, zimejengwa kama makabila yetu yalivyokuwa yakijenga, na unaingia ndani.

Juzijuzi nilimpeleka mzee wangu. Amekuja kutoka Dodoma kutibiwa macho, mtoto wa jicho umemwandama, haoni vizuri. Tulikuwa na dada yangu na wanawe wawili.

Watoto waliipenda sana msonge ya Wahaya. Ni ya duara, nyasi zinaanzia kileleni mpaka chini, huoni ukuta. Kwa Bukoba hiyo ni akili: kule mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na paa la mwinuko mkali linateremsha maji yote.

Kasheshe ilianza kwenye tembe la Wagogo. Ni refu, fupi kwa kimo, paa tambarare limefunikwa udongo. Mtoto mdogo akaniuliza kwa sauti, "Mjomba, hili ni banda la ng'ombe?" Dada akacheka. Kusema kweli na mimi nilitabasamu.

Mzee akasema, "Mimi nimezaliwa humu."

Kimya! Halafu akaanza kupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kuanzia mlangoni, na huku anaeleza. Dodoma mvua haifiki hata milimita 600 kwa mwaka, hivyo paa la mwinuko la nini? Nyasi nzuri za kuezekea ni za kutafuta, miti mirefu nayo ya shida, lakini udongo upo tele. Unasimika nguzo fupi, unapanga miti juu, unaweka fito na majani, kisha udongo. Mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi, usiku wa kipupwe kuna joto. Cheche ya moto ikiruka, udongo hauwaki. Na juu ya paa mnaanika nafaka na maboga. Tembe lilizunguka uwanja, ng'ombe wakilala katikati, kwa hiyo mwizi angepita wapi? Ubaya wake akautaja pia: giza, moshi, na mvua kubwa ikija linavuja, lazima urudishie udongo.

Yule mtoto akauliza, "Babu, sasa mbona mlihama?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wametawanyika wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, kabla hata ya agizo la 1973 lililoifanya nchi nzima ihamie vijijini. Mzee alikuwa na miaka saba. Anakumbuka babu yangu akibomoa paa ili aende na nguzo, kwa sababu nguzo nzuri hupati kila siku. Bibi alikataa kutazama. Kule kijijini wakajenga nyumba ndogo ya peke yake, na ng'ombe wakawa mbali na macho. Babu, anasema, aliamka kila usiku kuwasikiliza.

Miaka yote mzee alituambia "zamani tuliishi kishamba" na kukata maneno. Nadhani aliona aibu, na sisi watoto wa mabati tulimsaidia kuiona.

Kwa mtakaokwenda: kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, na ulizeni kama siku hiyo kuna ngoma. Nendeni na mzee kama mnaye, maana vibao vya maelezo ni vifupi mno. Mwongozaji wetu mwenyewe aliishia kumsikiliza wangu.

Mzee akishafanyiwa upasuaji anataka nimrudishe. Anadai mlango wameuweka upande usiofaa, ila hana uhakika mpaka auone. Mdau yeyote wa Dodoma anayejua tembe ambalo bado watu wanaishi ndani yake, tafadhali atuambie liko wapi.