Shamba la Gunia: Mradi Ukiisha, Kazi Iendelee

"Tutalima wapi, na hapa Huruma ni ghorofa na mabati matupu?" Wengi huuliza hivyo. Jibu lilionekana kwa majirani zetu. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, chakula kilipanda bei na familia nyingi zikapunguza milo. Shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilianzisha mradi wa mboga za gunia Mathare na Kibera. Watu wakapewa miche na mafunzo.

Miche ya bure ni kitu kizuri. Lakini kila mradi una siku yake ya mwisho, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi, wanakikundi, yashikeni mambo haya manne.

1. Kujua kazi. Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la mbolea. Simamisha mkebe uliokatwa chini katikati ya gunia. Ujaze kokoto, kisha jaza udongo pembeni. Vuta mkebe juu, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Kokoto ndizo njia ya maji. Bila hizo miche ya chini hukauka. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki. Juu panda vitunguu au dania. Samadi ya mbuzi iko tele Kiamaiko, lakini mbichi huchoma miche. Ioze kwanza miezi miwili au mitatu.

2. Kuwa na kitalu. Kikundi kisicho na miche yake humngoja mgeni. Pandeni mbegu kwenye kitalu kidogo. Baada ya wiki 4 hadi 6 miche iko tayari. Wanachama wachukue, ziada iuzwe, na pesa hizo zinunue mbegu nyingine.

3. Usalama. Maji ya Mto Mathare yana uchafu wa vyoo. Msinyweshee mboga. Maji mliyooshea mchele au mboga yanafaa. Tena gunia lililolowa ni zito: likae chini, si kwenye roshani wala juu ya paa. Tunakumbuka ghorofa lililoanguka hapa Huruma tarehe 29 Aprili 2016, watu wapatao 50 wakafa. Halikuangushwa na magunia, lakini nani ataongeza mzigo juu ya jengo asilojua uimara wake?

4. Kujua sheria. Zamani mkulima wa mjini alilima kwa kujificha, akiogopa askari wa kanjo watakuja kufyeka. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kwa hiyo nendeni kwa ofisa wa kilimo wa kaunti bila woga, mkaombe mafunzo. Hata hivyo, kila uwanja una mwenyewe. Ombeni ruhusa, na iwe ya maandishi.

Katika mkutano wenu ujao, mweka hazina asome: Mbegu tulinunua pesa ngapi? Miche mingapi ilikufa, na kwa nini? Kila nyumba imeokoa shilingi ngapi za mboga kwa wiki? Kikundi chenye majibu haya hakipokei tu kinacholetwa. Mfadhili akija, kitamwambia wazi kinachohitaji, na kile kisichohitaji pia.