Wimbo Usiopigwa na Mtu

Katika filamu ya Memoria ya mwaka 2021, mwanamke mgeni nchini Kolombia anaamshwa na kishindo ambacho hakuna mwingine anayekisikia. Mwongozaji wake, Apichatpong Weerasethakul wa Thailand, hana haraka: mtazamaji husikiliza kuliko anavyotazama. Cannes waliipa Tuzo ya Majaji.

Mfanyabiashara anayevuka Malaba kwenda Jinja, au anayeshusha mzigo Mbale karibu na Mto Nabuyonga, ana fumbo la namna hiyo jirani kabisa. Liko Busoga, katika embaire, marimba kubwa ya kijiji. Mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba, na kule Nakibembe huchimbwa shimo chini yake ili ardhi yenyewe ivume. Wapigaji huketi wakitazamana, kila mmoja akitia pigo lake katika nafasi aliyoacha mwenzake, kwa kasi kubwa. Sikio hushindwa kuwatenganisha. Huokota sauti za juu peke yake, za chini peke yake, na hapo unasikika wimbo ambao hakuna mkono unaoupiga.

Gerhard Kubik wa Austria, aliyejifunza amadinda ya Buganda kwa Evaristo Muyinda, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1960. Wapigaji, bila shaka, walilijua zamani.

Tatizo ni watu. Mmoja wa wanaopokezana akiondoka kutafuta kazi mjini, wimbo ule haupungui, unatoweka. Kundi la Nakibembe lilitoa albamu mwaka 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala.